Mama Mkwe na Mchanga Mwekundu

Mpaka leo sijaelewa kwa nini Mungu, ambaye tulifundishwa tangu utotoni kwamba yupo kila mahali, alishindwa kuongea na mama mkwe wangu palepale Sydenham, mtaani kwetu Durban. Nyumba tunayo. Nyuma kuna uwanja mdogo wenye mpapai na kamba ya kuanikia nguo, na majirani zetu ni watu watulivu. Kama ni ukimya uliotakiwa, ningezima redio. Lakini wapi! Ilibidi nimpeleke jangwani, upande wa pili wa nchi hii, kwa gari langu, katika zile siku chache ambazo nilikuwa nimeziomba kazini ili nilale. Na ilibidi nimpeleke bila kumtazama usoni.

Hilo la kutotazamana nilieleze mapema. Mimi ni Mtanzania wa Muheza, mke wangu ni Mkongo wa Uvira. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, unapomwona unainama kidogo, unaondoa mikono mfukoni, yamekwisha. Kwao, au tuseme kwa mama huyu, maana wenzake wengi pale Durban wameshayaacha hayo, mama mkwe hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Hakai naye kiti kimoja. Hampi mkono. Akiwa na neno la kumwambia, analipitisha kwa mtu wa tatu. Miaka mitatu ameishi kwetu, na kwa miaka mitatu nimekohoa kabla ya kuingia jikoni kwangu mwenyewe, ili apate muda wa kukimbilia chumbani na sahani yake.

Mke wangu alimwambia mara nyingi, "Mama, hapa ni Durban. Hii mambo iliisha."

"Heshima haiombaka visa," mama yake alimjibu.

Sasa chukua watu wa namna hiyo uwatie ndani ya Corolla kwa siku mbili. Mke wangu ndiye aliyeleta wazo la pazia: kitenge kikubwa kitundikwe katikati ya viti vya mbele na kiti cha nyuma, ili mama ale, asali na alale bila mkwe wake kumwona. Na kwa kuwa mimi kazi yangu ni kushona viti vya magari, pale Isipingo karibu na stendi ya teksi, niliambiwa nilitengeneze mwenyewe. Nilipima, nikakata, nikatia pete na waya juu ya dari. Nilijishonea jela kwa mkono wangu, na niliishona vizuri, maana sijui kufanya kazi mbaya.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mama alitaka kurudi Uvira. Alikuwa analitaja jambo hilo tangu siku aliyofika, lakini mwaka huo alianza kulisema kama mtu anayefunga mizigo. Kule kuna kaburi la mumewe, juu kidogo ya bandari ya Kalundu, na kiwanja chenye nyumba iliyobaki kuta. Kule pia kuna vita. Kila wiki mke wangu alipokea sauti kwenye simu kutoka kwa ndugu zake, na kila wiki nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi. Halafu kuna ile karatasi ya ukimbizi ya mama: akishavuka mpaka kurudi alikokimbia, haina kazi tena. Kwenda kwake kulikuwa kwenda moja kwa moja. Mke wangu alilia, akafunga kula, akamwomba, na mwishowe wakakubaliana jambo moja, Mungu aamue. Mungu akisema baki, mama atabaki na hatalitaja jina la Uvira tena. Mke wangu alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba Mungu atasema baki.

Kilichobaki kilikuwa mahali pa kumsikilizia. Katika kundi lao la maombi, linalokutana kwenye chumba kimoja pale Point, alikuwa amepita mhubiri mgeni aliyewafundisha kwamba Mungu akitaka kusema na mtu humtoa kwanza kwenye kelele, akampeleka jangwani. Akataja Musa, akataja Eliya, akataja Hajiri. Wanawake wengine waliitikia amina, wakaenda zao kusuka nywele za wateja. Mama mkwe wangu alirudi nyumbani akauliza jangwa liko wapi.

Mimi nilijitahidi. Kupitia kwa mke wangu nilipendekeza Bluff, ambako kuna vilima vya mchanga karibu na bahari, mwendo wa nusu saa tu.

"Umwambie mukwe iyo ni beach," likaja jibu kutoka chumbani. "Musa alisikia sauti ya Mungu ku beach? Kati ya batu ya kunywa bia?"

Ndipo mke wangu, kwa wema wake, akafungua simu akamwonyesha picha za hifadhi moja ya taifa kule Kalahari, matuta ya mchanga mwekundu yamepangana mpaka upeo wa macho. Mama aliishika ile simu kwa muda mrefu. Akasema, "Voilà. Ni pale." Na mimi, ambaye nilikuwa nimekaa pembeni na soksi mkononi, nikajua likizo yangu imekwenda na maji.

Tuliondoka alfajiri. Kabla hatujafika Pietermaritzburg, harufu ya ndakala, wale dagaa wa kwao, waliokaangwa ilikuwa imejaa gari zima. Walikuwa wanakula nyuma ya pazia, mama na binti yake, nasikia mifupa midogo inavunjika na wanacheka. Mimi mkono mmoja kwenye usukani, mbele yangu malori.

"Na mimi je?" niliuliza.

Pazia likafunguka kidogo, mkono wa mke wangu ukatoka na andazi moja. Ndakala kwa dereva ilikuwa haiwezekani, maana mama alikuwa bado anakula, na kama tungekula kitu kimoja kwa wakati mmoja ingekuwa kama tumekula pamoja. Sheria hiyo sijui ilitoka wapi, nafikiri aliitunga palepale.

Kisha maagizo. "Umwambie mukwe apunguze mbio. Hatuko tunakimbia vita." Mke wangu, ambaye mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu kama mdomo wa mama yake ulivyokuwa, ananiambia, "Mama anasema upunguze mbio." Nasema, "Mwambie naenda mia tu." Anageuka, "Anasema anaenda mia tu." "Umwambie mia ni mingi." Tuliendelea hivyo mpaka Harrismith. Mwenye kutaka kujua uvumilivu wa ndoa ukoje asihangaike kusoma vitabu.

Kabla ya kufika Bloemfontein trafiki akatusimamisha. Alikuwa mzee mnene mwenye fulana ya kung'aa, akainama dirishani, akaona kitenge. Kioo changu cha ndani hakikuonyesha kitu ila maua ya njano na kijani.

"Eish! Umeficha nini huko nyuma?"

Nikiri kwamba nilifurahi. Nilimwangalia mzee yule kama mkombozi. Alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja tu, kwamba ni kosa dereva kutoona nyuma, liondoshwe, nami ningeliondosha kwa majuto makubwa na uso wa huzuni. Nikamweleza ukweli: nyuma yuko mama mkwe wangu, na kwa mila zao hatutakiwi kuonana.

Akavua kofia yake, naapa aliivua, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata kwao zamani watu walikuwa na adabu, siku hizi vijana wanakunywa pombe na wakwe zao. Akampa mama pole za safari kupitia kitambaa, akapiga paa la gari. "Sharp. Nenda salama. Tumia vioo vya pembeni."

"Umwambie mukwe," ikaja sauti ya nyuma, tamu kweli siku hiyo, "huyu ni mutu mwenye alilelewa muzuri."

Tulilala Bloemfontein, tukaamka, tukaendelea. Baada ya Kimberley nchi ikaanza kukauka, na baada ya Upington hakukuwa na kitu ila waya wa uzio na viota vikubwa vya ndege juu ya nguzo za simu. Joto liliingia garini likakaa kama abiria wa nne. Jioni tukafika kwenye lango la hifadhi. Mgongo wangu ulikuwa umekufa, na nilikuwa nimekula maandazi mengi kuliko mtu mzima anavyopaswa kula.

Mapokezi tulimkuta dada mmoja mpole aliyetupa ufunguo wa kibanda na masharti. Tupunguze upepo kwenye matairi, maana njia za ndani ni mchanga. Tusizunguke baada ya jua kuzama. Na sharti kubwa kuliko yote: ukishatoka nje ya uzio wa kambi, hushuki garini ila kwenye sehemu chache zilizoruhusiwa. Kuna simba.

Nilimtazama mke wangu. Mke wangu aliutazama ukuta. Katika mipango yote ile, pazia, pete, waya, ndakala, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza kama jangwani mtu anaruhusiwa kushuka.

Mama, aliyekuwa amesimama nyuma ya nguzo ili nisimwone, alitafsiriwa masharti hayo. Akafikiri. "Danieli alilala na simba usiku muzima," alisema.

"Mwambie Danieli hakuwa anatakiwa Isipingo Jumatatu," nilisema. Mke wangu hakulitafsiri hilo.

Tukamshauri aombe ndani ya kambi, maana na kambini mchanga ulikuwepo, mwekundu uleule kama pilipili ya unga. Alitembea mpaka kwenye uzio akarudi. Kulikuwa na mahema, kulikuwa na moshi wa nyama, na wanaume wa kaptula waliokuwa wamefungua friji za bia nyuma ya magari yao. "Hii ni beach," akasema, na kwa kweli sikuweza kumpinga. Tena alikuwa na lalamiko jingine. Kwenye picha alikuwa ameona mchanga mtupu, na huku matuta yana nyasi na vichaka. "Hii ni jangwa ya namna gani iko na majani?" Alimuuliza binti yake, lakini alinielekezea mimi, kana kwamba nilipita usiku nikayapanda.

Yule dada wa mapokezi akatupa njia nyingine. Asubuhi kulikuwa na matembezi ya miguu pamoja na askari wa wanyamapori, mnapanda tuta, mnatembea polepole, ni salama. Mke wangu alikaribia kumkumbatia. Askari mwenyewe akaja kutusalimia, kijana wa watu, meno meupe, bunduki ndefu begani.

Mama alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Mwanaume wa bunduki akae nyuma yangu, na miye nifumbe macho?" alisema. Alikuwa anaongea taratibu sana. "Hapana, chérie. Iyo nilishaiona."

Kijana wa watu hakuelewa kitu, aliendelea kutabasamu. Hasira zangu zilikaa kimya kidogo. Nikamshukuru yule kijana, nikaenda kupunguza upepo kwenye matairi.

Basi kesho yake tuliingia jangwani tukiwa ndani ya Corolla. Kuna njia pale inayokata kutoka mto mmoja mkavu hadi mwingine, inapanda tuta na kushuka, inapanda na kushuka, na kila ukifika juu unaona matuta mengine yanakungoja. Nzuri? Nzuri sana. Choroa mmoja alikuwa amesimama peke yake juu ya mchanga na pembe zake ndefu, na sijawahi kumwona mnyama aliyetulia vile. Ningependa kumtazama zaidi. Lakini nyuma ya pazia ibada ilikuwa imeanza.

Walianza kwa wimbo, wakafuatia toba. Kisha mama akaanza kuomba kwa sauti ya juu, kwa Kifaransa na Kiswahili na lugha ya kwao, akipiga makofi, na kila yalipolia mimi niligusa breki. Akamwambia Mungu ameshafika. Akamwambia ametoka mbali. Akamwambia aseme, mtumishi wake anasikiliza. Kisha kimya. Kwenye kimya kile nikapiga chafya.

"Umwambie mukwe..."

"Nimesikia, mama!" nilisema. "Nimesikia mwenyewe! Ni vumbi!"

Nilikuwa nimemjibu moja kwa moja. Mke wangu alinifinya bega. Mama akasema, si kwa hasira, kwamba hapa hatasikia kitu. Juu kuna bati, pembeni kuna vioo, na mbele kuna mkwe. Yeye anataka kushuka. Apige magoti kwenye mchanga, dakika chache tu.

"Haiwezekani, mama," mke wangu alisema.

"Sasa nilikuja kufanya nini?"

"Kuna simba!"

"Uliniambia kuna Mungu."

Wakaanza kubishana, na mke wangu akawa analia huku anabishana, akisema mama anatafuta sababu, kwamba hataki kusikia jibu, kwamba anataka tu aende akafe. Mimi nilikuwa napanda tuta refu. Juu ya mchanga unatakiwa usiachie mafuta, najua, niliambiwa. Lakini mtu hawezi kusikia mke wake analia vile na mguu wake ukabaki ulipokuwa. Niligeuza kichwa kidogo tu. Gari likapunguza mwendo, likapumua, likakaa. Nilipokanyaga tena mafuta, tairi zilijichimbia shimo kwa bidii kama mchimba kisima.

Nilizima injini. Mtandao wa simu hakuna. Mbele tuta, nyuma tuta. Tulisubiri gari jingine lipite, na jua likapanda, na hakuna aliyepita. Niliitazama ardhi kwa dirisha, nikaona nyayo. Za nini sijui, zilikuwa pana kuliko nilivyopenda. Mama naye, kumbe, alikuwa akizitazama kwa dirisha lake.

"Umwambie mukwe iyo ni imbwa," alisema.

"Mbwa gani, mama, huku?" nilisema. "Mbwa wa nani?"

Nilichoka. Nikalivuta lile pazia langu, pete zikaruka, waya ukaning'inia, na kwa mara ya kwanza tangu Durban nikaona kiti cha nyuma: mke wangu macho mekundu, mama mkwe wangu na viatu vyake mapajani. Alijifunika uso kwa kiganja. Niliwaambia mambo ni haya: tutashuka wote, tutachimba, nitatandika hiki kitenge chini ya tairi, wao watasukuma mimi nitaendesha, na simba akija atukute tuko kazini.

Tulichimba. Kitenge kikatandikwa. Nikaingia nikawasha, wao wakasukuma, na gari likatikisika kama mtu anayekataa, halikuenda popote. Tukajaribu tena. Mke wangu akaanguka kifudifudi kwenye mchanga. Ikabidi tubadilishane: yeye, ambaye alikuwa bado anajifunza gari na klachi huwa anapigana nayo, akae kwenye usukani, na mimi nikasukume. Maana yake nikasukume na mama.

Alisimama upande wake wa buti, mimi upande wangu. Kisha akapiga magoti. Nilidhani anachimba, na kweli alikuwa anachimba, anakomba mchanga chini ya tairi kwa mikono miwili, lakini midomo yake ilikuwa inakwenda na macho ameyafumba. Mke wangu akatoa kichwa dirishani, akanionyesha kwa kidole. "Anaomba," alininong'oneza. "Muache. Muache asikie."

Nikamwacha. Nilichukua spana ya tairi, nikampa mama mgongo, nikaangalia vichaka. Jua lilikuwa linanichoma utosi. Nilikuwa na kiu, nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa kila jani lililotikisika, na bado, sijui niseme nini, nilijikuta na mimi naomba. Niliomba aambiwe abaki. Mimi, niliyekohoa miaka mitatu mlangoni mwa jiko langu.

Aliponyanyuka alijifuta mikono kwenye nguo. Akaja upande wangu, akaegemeza bega lake kwenye buti palepale penye bega langu, tukagusana.

"Mukwe," alisema. "Sukuma."

Gari likatoka. Likatoka kwa kishindo, na mke wangu, kwa hofu ya kusimama tena, hakusimama. Akapanda tuta, akalivuka, akatoweka, tunasikia tu injini inalia upande wa pili. Tukabaki wawili juu ya mchanga mwekundu, mimi na mama mkwe wangu, na spana moja. Nilitaka kupiga kelele. Yeye aliangalia huku na huku, akanikamata mkono, tukaanza kupanda, mchanga unatuvuta visigino, na katikati ya tuta akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi tusimame. Sikuwa najua kama ana mwanya.

Gari tulilikuta chini, kwenye ardhi ngumu, mke wangu amekumbatia usukani. Alitutazama tulivyoshikana mikono. Alimtazama mama yake, akatabasamu, akaamini mama amesikia neno lile, baki. Hakumuuliza kitu, kwa sababu neno la Mungu halivutwi, mtu hulitoa mwenyewe likiiva. Usiku ule kambini mke wangu alilala kama mtoto mdogo.

Safari ya kurudi mama alikaa mbele. Aliingia tu akakaa, akafunga mkanda. Mke wangu alijilaza nyuma, na mama akaanza kuongea. Sijawahi kusikia mtu akiongea vile. Aliniambia jinsi mumewe alivyomwona mara ya kwanza akiuza mawese, na jinsi alivyokuja siku tatu mfululizo kununua, mtu ambaye kwao walikuwa na michikichi yao wenyewe. Aliniambia kuhusu mtoto waliyemzika kabla ya mke wangu kuzaliwa, ambaye mke wangu hajui habari zake. Aliniambia yule mzee wake alikuwa anakoroma. Mimi nikawa naitikia ee, ee, nikifurahi kijinga, nikijiambia tazama, mambo yamekwisha, sasa tutaishi kama watu. Tulifika Kimberley, tukalala Bloemfontein, tukaondoka, bado anaongea. Karibu na Harrismith ndipo nilipoacha kufurahi. Mtu hampi mkwe wake maisha yake yote kwa mara moja kama anategemea kumwona mwakani.

Mama akageuka kuona kama binti yake amelala. Amelala.

"Mukwe. Pale kwa mchanga nilikuwa na nafasi yangu. Magoti chini, hakuna kelele. Unajua nilimuomba Mungu nini?"

"Sijui, mama."

"Nilimuomba gari itoke." Nilicheka. Yeye hakucheka. "Iyo tu. Niliogopa. Haiko juu ya simba. Niliogopa watanizika huku, mu mchanga ya wengine. Donc jibu nilikuwa nayo mbele ya kuuliza. Nitaenda."

Nilimwambia kule wanapigana. Akasema anajua, alikuwa kule. Nilimwambia hataweza kurudi. Akasema anajua. Nilimwambia, kwa sauti iliyopanda bila ruhusa yangu, kwamba nimeendesha gari nchi nzima, nimekula maandazi, nimesukuma gari mbele ya simba, na yote hayo ili mtoto wake apate kulala usingizi. Alikubali kwa kichwa. Kisha akasema, "Umwambie."

"Mimi? Ni mtoto wako. Mwambie wewe!"

"Wewe atakukasirikia, kisha atakusamehe," alisema. "Miye sitakuwa hapa ya kusamehewa."

Nilipita sehemu ya kwanza ya kupumzikia, nikapita ya pili. Malori yalikuwa yanapunguza mwendo kwa ajili ya mteremko wa Van Reenen, na baada ya hapo ni kushuka tu mpaka Durban. Nikawasha taa ya pembeni, nikasimamisha gari, nikanyoosha mkono nyuma nikamwamsha mke wangu.